Simu inasema 31 lakini kijiweni mnaungua: jibu kwa bodaboda wa Pasua

Swali lenyewe liliandikwa hivi: "Shikamoo mtaalamu. Mi ni katibu wa kijiwe cha bodaboda huku Pasua, Moshi, tuko kumi na nne na pembeni yetu kuna mama wawili wa chakula. Tulikuwa na miti miwili ikakatwa barabara ilipopanuliwa. Toka hapo ikifika Januari mpaka Machi hapakaliki, simu inaandika nyuzi 31 lakini pale ni kama tanuri, na mwezi uliopita mwenzetu mmoja alidondoka. Nyuma yetu, mashariki, kuna ukuta wa duka. Tumechanga laki nane na nusu, wengi wanataka tupige paa la bati na chini tumwage zege papendeze, wengine wanasema hela yote iende kwenye miti. Na je, hili joto ni kwa sababu mlima umeisha theluji? Tufanyeje?"

Marahaba mdogo wangu. Mpe pole sana mwenzio, na nianze na yeye maana hilo haliwezi kusubiri paa. Siku mtu akianza kizunguzungu, kichwa kinagonga, mwili umekuwa wa moto na maneno anayoongea hayaeleweki, msimwambie tu akae apumzike. Mtoeni juani, mvueni jaketi na helmeti, mmwagieni maji mwili mzima huku mnampepea, na kama amechanganyikiwa awahishwe hospitali na mwendelee kumpooza njiani. Asiyejitambua msimnyweshe kitu, atapaliwa. Kila mwanachama alijue hili, na hao mama wa chakula pia, wao wana jua juu na jiko mbele.

Haya, sasa hiyo 31. Simu haijakudanganya, ila inakwambia kitu tofauti na unachokitafuta. Ile ni joto la hewa, na hewa siku zote inapimwa kivulini, kwenye kile kisanduku cheupe chenye matundu kinachokaa juu ya nyasi kwenye vituo vya hali ya hewa. Hakuna anayepima hewa kwenye lami ya Pasua saa nane mchana jua likiwa linampiga mgongoni. Na wewe mwili wako hausikii hewa peke yake, unasikia hewa, mionzi, upepo na unyevu, halafu unaongeza nguo ulizovaa na kazi unayofanya. Mdenmark mmoja, Fanger, aliyaweka haya mambo sita kwenye hesabu moja mwaka 1970, yeye alikuwa anahangaika na watu walio ndani ya majengo, waliomfuata ndo wakaja kuipeleka nje. Na nje, kwa mji kama Moshi, katika hayo sita kuna moja linayameza mengine yote, nalo ni mionzi.

Kaa na mama wa chakula jioni, yeye anapepea jiko la mkaa na wewe uko kwenye kigoda pembeni yake. Shavu la upande wa jiko linaungua, shavu la pili liko poa, na hewa unayovuta ni ile ile moja. Sasa mwambie akinge ungo kati yako na jiko. Hapo hapo, kabla hata hujahesabu mbili, shavu linapoa. Hewa haijabadilika hata kidogo, ungo umekata mionzi basi. Kijiwe chenu kimezungukwa na majiko ya namna hiyo, jua lenyewe ni moja, lami ni la pili, ukuta wa duka ni la tatu, na mkipiga bati vibaya mtakuwa mmelipa laki nane na nusu kujiwekea la nne juu ya vichwa.

Ukitaka kuliona hili kwa macho chukua vipimajoto viwili vya kawaida na kimpira cha mezani, kile cha tebo tenisi, kitoboe, paka rangi nyeusi isiyong'aa, chomeka kipimajoto kimoja katikati. Kimoja kiache wazi kivulini, cha kwenye mpira kiweke juani, subiri dakika ishirini. Mchana wa Februari tofauti ya hivyo viwili inaweza kuvuka nyuzi kumi bila shida. Hiyo tofauti ndo mnayoilalamikia na simu haitakuja kuionyesha. Mi natembea na kimpira changu kwenye begi miaka na miaka, na kikinionyesha kitu ofisini wananielewa haraka kuliko nikiongea saa nzima.

Kwa hiyo kivuli kwanza, na hapo wenzako wanaotaka paa wako sahihi kabisa. Shida ni kivuli cha nini na kikae wapi.

Tuanze na wapi, maana hapa ndo watu wengi wanapoteza hela. Moshi iko karibu sana na mstari wa ikweta, nyuzi tatu na kidogo kusini yake, kwa hiyo kuna siku mbili kwa mwaka jua linapita juu kabisa ya utosi, karibu tarehe 12 Machi na tena mwanzoni mwa Oktoba. Mwezi Machi utosi wenyewe haufiki saa sita kamili, unafika kwenye saa sita na dakika arobaini hivi, kwa sababu saa zetu za Afrika Mashariki zimepangwa kwa longitudo ya 45 na sisi tuko 37. Muda ule paa lolote linafanya kazi, hata mwavuli. Jua la utosini pia linapiga sehemu ndogo ya mwili, kichwa na mabega. Linaloumiza ni la saa tisa na saa kumi, linakuja kwa ubavu, linakupiga kuanzia sikio mpaka kifundo cha mguu, na linaingia chini ya paa bila hodi.

Fanya hesabu na mimi. Jua linatembea nyuzi 15 kila saa, kwa hiyo masaa matatu baada ya utosi, yaani saa tisa na dakika arobaini, limeinama nyuzi 45. Paa lenu likiwa na urefu wa mita mbili na nusu kwenda juu, kivuli chake chini kimeshahama mita mbili na nusu kwenda mashariki. Kama paa lina upana wa mita tatu mmebakiwa na nusu mita ya kivuli chini yake, kingine chote kimekwenda kupanda ukuta wa duka. Watu kumi na nne kwenye nusu mita. Ndo maana unaona vile vibanda vizuri vya kusubiria daladala na watu wamesimama nje yake wamejibanza kwenye kivuli cha nguzo ya umeme.

Dawa yake ni pazia upande wa magharibi, linaloning'inia kutoka ukingo wa paa kushuka chini. Msijenge ukuta hapo! Chukueni ile shedi neti wanayotumia watu wa miche na nyanya, inauzwa kwa asilimia ya jua inalozuia, tafuteni ya 80, ifungwe kwenye bomba ili asubuhi mnaikunja na ikifika saa saba mnaishusha. Neti inakata jua na upepo unapita. Turubai zito linakata jua sawa lakini linazuia upepo, na upepo mnauhitaji kuliko mnavyodhani.

Kuhusu upepo kidogo. Mwili uliokaa tu unazalisha joto kama la balbu moja ya zamani ya wati 100. Lita moja ya jasho ikikauka yote juu ya ngozi inaondoa joto ambalo mwili huo unalizalisha kwa zaidi ya masaa sita, ndo maana jasho ni kitu kikubwa, lakini likichuruzika likadondoka chini halijafanya kazi, lazima likauke, na linakaushwa na upepo. Sasa sisi watu wa Moshi tumepewa kitu ambacho miji mingi haina. Mchana mlima ukipata jua hewa inapanda, kwa hiyo kawaida upepo unatoka bondeni kusini, upande wa mashamba ya miwa ya TPC, kwenda mlimani, na usiku inageuka, hewa baridi inateremka kutoka mlimani kuja mjini. Mlima uko kaskazini yetu. Jua baya liko mashariki na magharibi. Maana yake unaweza kukinga jua bila kukinga upepo, ziba magharibi na mashariki, acha kusini na kaskazini wazi kabisa, pasiwe na bango, pasiwe na kontena, pasiwe na pikipiki zilizopangwa zikazuia. Hata Arusha iko hivyo hivyo, Meru nayo iko kaskazini ya mji. Ningekuwa na uwezo kila mtu anayechora ramani ya nyumba kwenye hii mikoa miwili angeanza na mchoro wa huu upepo kabla hajachora chumba.

Tuje kwenye bati. Mkitaka kinga ya mvua bati halikwepeki, masika inakuja Machi hiyo hiyo na neti haizuii mvua, kwa hiyo sikukatazi. Ila bati lililopigwa na jua la mchana linaweza kuvuka nyuzi 60, ngozi yako iko 34 hivi, na bati haliko hata mita moja juu ya kichwa cha aliyesimama. Siku moja mchana ingia chini ya banda la bati bovu lenye kutu, nyoosha mkono juu bila kuligusa, kiganja kiangalie bati. Utasikia. Bati jipya linalong'aa upande wa chini linatema mionzi kidogo, likishika kutu linatema nyingi, na haya ya rangi yanayopendwa siku hizi, hasa yale ya kijivu cheusi na maruni, yanameza jua juu na yanatema chini. Kwa hiyo juu lipakwe rangi nyeupe kila mwaka vumbi likizidi, na chini yake pigeni dari. Sisemi silingi bodi ya gharama, matete yaliyosukwa au jamvi la kawaida linatosha, lakini liwe chini ya bati kwa shubiri moja na pembeni pasizibwe, hewa ya moto iliyokaa katikati ipate pa kutokea. Dari ndo inakuwa ule ungo. Bila hiyo dari mi nawaambia wazi, kivuli mtapata na joto la utosi mtabaki nalo.

Zege punguzeni. Chini ya paa sawa, matope ya masika yanaudhi na mama wa chakula wanahitaji usafi, sakafu iliyo kivulini haina shida kubwa. Ila msimwage mpaka barabarani. Zege lililo juani linarudisha jua usoni mchana na kile lilichomeza linakitoa jioni. Na kabla hamjashawishika kupaka sakafu ya nje rangi nyeupe mkidhani ni sawa na kupaka paa, huko Los Angeles walipaka barabara rangi ya kuakisi jua, watafiti akiwemo Ariane Middel wakaja kupima, matokeo yakatoka 2020, lami ilipoa kweli lakini mtu anayetembea juu yake mchana alipata mionzi mingi zaidi kuliko kwenye lami ya kawaida, maana jua lililoakisiwa liliishia mwilini kwake. Nyeupe iende juu ya paa, huko jua linaakisiwa kurudi angani, chini pabaki udongo, kokoto au nyasi. Ule utaratibu wa akina mama kunyunyiza maji kwenye vumbi saa nane uendelee, kiangazi chetu hewa ya mchana ni kavu, maji yanakauka haraka na yanaondoka na joto.

Na ule ukuta wa duka, huo mmeusahau wote! Unaangalia magharibi, kwa hiyo kuanzia saa saba unakula jua mpaka linazama. Nenda saa mbili usiku uweke kiganja, bado una joto. Mnakaa mmeuegemea. Ongeeni na Mangi mwenye duka, simamisheni fremu ya nguzo na waya mbele ya ukuta kwa kuacha kama futi moja, pandeni pasheni ya njano, ile inavumilia joto la chini huku kuliko ya zambarau. Ikipata maji ndani ya mwaka imetanda, ukuta wenu umepoa, stoo ya Mangi imepoa, na matunda juu. Yeye anafaidika kuliko nyie, achangie.

Sasa miti, na hapa naongea kwa uchungu kwa sababu miti miwili ya kivuli haikatwi ikalipwa na miche miwili. Jani la mti linatoa maji muda wote, kwa hiyo hata likipigwa na jua halipati moto kama bati, linabaki karibu na joto la hewa. Ukikaa chini ya mwembe mkubwa una dari elfu moja zimepangana zote ni baridi, na upepo unapita katikati. Hakuna fundi anayeweza kujenga hicho kitu. Wazee wetu walikijua, panda Kibosho, huko juu mlimani, uingie kihambani, yaani shamba la nyumbani la Wachaga, mringaringa na mfuruanje juu, migomba chini yake, kahawa chini ya migomba, magimbi chini kabisa kwenye mfongo, ule mfereji wa maji. Kibosho pako poa kwanza kwa sababu ya mwinuko, kila ukipanda mita 1000 hewa inapungua nyuzi sita hivi, lakini jaribu kusimama saa saba mchana kwenye shamba la mahindi lisilo na mti huko huko Kibosho, kisha piga hatua ishirini uingie kihambani. Mwinuko ni ule ule. Utavuta pumzi mwenyewe bila kuambiwa.

Kwa hiyo wanaosema hela yote iende kwenye miti wana hoja, ila mti unahitaji miaka na mwenzenu ameshadondoka. Gawanyeni. Paa dogo lenye dari kwa ajili ya mvua na utosi, neti magharibi, fremu ya pasheni, na kiasi kinachobaki miche miwili au mitatu iliyo mikubwa tayari, upande wa barabara yaani magharibi, huko ndiko kivuli cha saa kumi kinakotoka. Mwarobaini unastahimili Pasua na unakua haraka, mkungu unatandaza matawi vizuri, mringaringa ni wa kwetu na kivuli chake ni kipana. Muashoki msiupande, najua unapendeza getini, umesimama kama mshumaa na kivuli chake mchana hakimtoshi hata mtu mmoja na pikipiki yake. Chini ya nyaya za umeme msipande mti mrefu, utakatwa kila mwaka ubaki kisiki. Na kabla ya kuchimba shimo lolote mpitie kwa mwenyekiti wa mtaa, kisha mwombe ruhusa kwa maandishi, barabara za mitaa ziko chini ya TARURA na kuna eneo la hifadhi ya barabara, mkipanda ndani yake bila ruhusa mtaliona tena lile lililowakuta. Halafu zamu ya maji, dumu la lita ishirini, kiangazi cha kwanza na cha pili bila kukosa, na uzio wa mabanzi kwa ajili ya mbuzi. Mti wenye jina la mtu wa zamu unapona, mti wa wote unakauka.

Kuhusu theluji, hapana. Mwaka 1912 barafu ya Kilimanjaro ilikuwa kama kilomita za mraba 12, kufikia 2011 imebaki chini ya mbili. Hata ile 12 ilikuwa ndogo mno na iko mbali mno juu kuweza kupooza mji mzima wa Moshi. Dunia kwa ujumla imepanda nyuzi 1.1 kati ya nusu ya pili ya karne ya 19 na miaka ya 2011 hadi 2020, na imeendelea kupanda, hiyo ipo na inakuja na siku nyingi zaidi za joto kali. Lakini lililowapata kijiweni kwa ghafla, mwaka mmoja pako sawa, mwaka unaofuata hapakaliki, ni miti miwili kuondoka na lami kuongezeka. Lile la dunia halipo mikononi mwa kijiwe cha Pasua, hili lipo.

Na mkienda kwenye mkutano wa mtaa msiongelee kijiwe chenu peke yake. Pita katikati ya mji wa zamani, kwenye yale maduka ya enzi zile yenye baraza mbele, paa limetoka mpaka juu ya njia ya waenda kwa miguu, unatembea kivulini bila kununua kitu. Majengo mapya mengi yanashusha kioo mpaka chini, hayana baraza, hayana ukingo, na kioo kinaakisi jua kwa mama wa ndizi aliyekaa ng'ambo. Hili ni jambo la kuliweka kwenye masharti ya kibali cha ujenzi, haligharimu halmashauri hata shilingi. Freetown, Sierra Leone, waliteua mwaka 2021 ofisa wa kushughulikia joto la mji, Eugenia Kargbo, na moja ya kazi za mwanzo ilikuwa kuweka paa za kivuli juu ya masoko ya wazi ambako wanawake wanauza. Kwenye masoko yetu ya Mbuyuni na Kiboriloni pia wapo mama wa hivyo, tangu alfajiri mpaka jioni, na mwavuli wa kampuni ya simu uliotoboka.

Kabla hamjamwita fundi welda fanya kazi moja. Chukua kijiti cha mita moja, kesho saa tisa na dakika arobaini kisimamishe wima pale mnapokaa, chora mstari ardhini kuonyesha kivuli chake kinaelekea wapi na pima kina urefu gani. Piga picha ukuta na barabara vionekane, nitumie na vipimo. Nitakwambia paa likae umbali gani kutoka ukutani na neti ishuke mpaka wapi ili mama wa chakula aliye mwisho kabisa naye awe ndani.